GARI LAKO LINAPOGEUZWA CHUMA CHAKAVU: sheria ya New Zealand ya kukamata na kuponda magari ya mbio za mtaani



Kila kijiwe nilichopita, ikianza stori ya vijana wanaofukuzana na magari usiku, hakosekani mtu wa kusema: "Hao dawa yao ni moja tu, serikali iwanyang'anye magari, basi." Watu wanaitikia, stori inaishia hapo. Mimi huwa najiuliza maswali. Gari likishanyang'anywa linakwenda wapi? Nani analipa gharama za kulivuta na kulilaza yadi? Kama gari ni la mama yake dogo, au bado lina deni la benki, inakuwaje? Na je, hiyo dawa inaponya kweli?

Zipo nchi zilizokwisha kuijaribu hii dawa zaidi ya miaka 20 sasa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni New Zealand, kwa hiyo leo tunaisoma hiyo kwa kirefu, halafu tunapitia wenzao kwa kifupi. Nimepanga kwa vichwa vidogo ili mtu mwenye haraka aruke akasome anachotaka.

KWA NINI NEW ZEALAND?

Kwanza kwa sababu magari yao ni magari yetu. Wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia kama sisi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ililegeza masharti ya kuingiza magari, mitumba ya Japani ikamiminika. Nissan Skyline, Nissan Laurel, Subaru Legacy na Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution, yote haya yakaanza kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kibarua anaimudu. Wadau wa Dar, Arusha na Nairobi hapo hamhitaji tafsiri, meli zinazoleta yale ya kwetu zinapakia bandari zile zile.

Pili, kwao kijana alikuwa anaruhusiwa kupata leseni ya mwanzo akiwa na miaka 15 tu. Umri huo ulipandishwa kuwa 16 mwezi Agosti 2011. Sasa chukua gari lenye turbo, bei poa, mpe mtoto wa miaka 17, mji una barabara pana zilizonyooka kama Christchurch, halafu Ijumaa usiku. Matokeo unayajua.

Vijana hawa wana jina lao kule, wanaitwa "boy racers". Hawafukuzani tu. Wanazungusha matairi mpaka moshi unafunika mtaa, wanamwaga mafuta barabarani ili gari liteleze vizuri, wanatembea kwa msafara wa magari mengi yanayopiga kelele, wakazi hawalali. Malalamiko yakawa mengi mpaka yakafika bungeni.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Watu wanachanganya mambo matatu ambayo kisheria ni tofauti kabisa.

1. KUZUILIWA. Polisi wanalivuta gari, linakaa yadi kwa siku zilizotajwa na sheria, halafu unalipa gharama na kulichukua. Gari bado ni lako.

2. KUTAIFISHWA. Mahakama inakuondolea umiliki. Gari linapigwa mnada. Halirudi.

3. KUPONDWA. Mahakama inaamuru gari liharibiwe kabisa. Linaingia kwenye mashine, linatoka kama tofali la chuma.

New Zealand wana yote matatu, na yalikuja kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: SHERIA YA 2003

Mwaka 2003, chini ya serikali ya chama cha Labour ya Waziri Mkuu Helen Clark, bunge lilipitisha sheria maalum dhidi ya mbio za mtaani. Mtaani wakaiita sheria ya boy racers. Iliyaorodhesha makosa moja moja ili asitokee mtu wa kusema "mimi sikuwa kwenye mbio, nilikuwa napasha injini":

- kushindana mbio barabarani bila kibali;
- kuonyesha mwendo au kukanyaga mafuta bila sababu ya maana;
- kufanya matairi yapoteze mshiko kwa makusudi, yaani ule mchezo wa kuunguza matairi;
- kumwaga mafuta au kitu chochote cha utelezi barabarani kwa nia hiyo hiyo.

Adhabu ya mahakama kwa makosa haya ni kifungo kisichozidi miezi 3 au faini isiyozidi dola 4,500 za kwao, na kufungiwa leseni kwa miezi 6 au zaidi. Ikiwa mtu ameumia au amekufa, adhabu zinapanda juu zaidi.

Lakini kilichowauma vijana sio faini. Polisi walipewa nguvu ya kulizuia gari pale pale barabarani kwa siku 28, kabla hata kesi haijasomwa. Trafiki akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba gari limetumika kwenye mbio, linapakiwa kwenye gari la kuvuta na wewe unarudi kwa miguu. Siku 28 bila gari, kwa mtu anayelitumia kwenda kazini, ni mwezi mzima wa kuomba lifti.

Gharama za kulivuta na kulilaza yadi ni za mwenye gari, sio za serikali. Kama gari ni chakavu, bili inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na wapo wanaoamua kuliacha huko huko. Gari lisipochukuliwa, mwenye yadi anaweza kuomba idhini ya polisi aliondoe ili afidie gharama zake.

Haki ya kukata rufaa ipo. Mwenye gari anaanza na polisi wenyewe, wakimkatalia anakwenda mahakama ya wilaya. Sababu zinazokubalika ni kama vile gari liliibiwa, au polisi hawakuwa na msingi wa kulikamata.

HATUA YA PILI: 2009 NA "CRUSHER COLLINS"

Novemba 2008 chama cha National kilishinda uchaguzi. Waziri wa Polisi akawa mama mmoja anaitwa Judith Collins. Huyu alikuja na hoja nyepesi kueleweka: kijana wa mbio haogopi faini, hasa kwa vile wengi wana madeni ya faini yaliyolundikana na hawalipi. Anachokipenda ni gari. Basi mguse kwenye gari. Tena asiliuze kwa mshkaji wake halafu aendelee kuliendesha. Lipondwe.

Magazeti yakambatiza "Crusher Collins", yaani Collins Mpondaji, na jina hilo limemganda mpaka kwenye siasa za juu. Mwaka 2020 alikuja kuwa kiongozi wa chama chake na bado watu walikuwa wanamwita hivyo hivyo.

Sheria ilipita mwaka 2009 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 2009. Kwa kifupi ilisema hivi: mtu akitiwa hatiani kwa makosa ya mbio za mtaani mara 3 ndani ya miaka 4, mahakama inaweza kuamuru gari lake liharibiwe. Tazameni neno "mahakama" na neno "inaweza". Sio trafiki anayeamua, na sio lazima jaji aamue hivyo.

Mbali na kuponda, sheria za mwaka huo zilileta mengine:

- Halmashauri za miji ziliruhusiwa kutunga sheria ndogo za kupiga marufuku msafara wa kuzungukazunguka mitaa fulani usiku.
- Gari likitaifishwa na kuuzwa, fedha zake zinaweza kulipia madeni ya faini ya mwenye gari kabla hajaona hata senti.
- Aliyetaifishiwa gari anaweza kuzuiwa kumiliki gari lingine kwa muda.

Kuna na silaha ndogo isiyosikika sana lakini vijana wanaichukia kweli kweli, nayo ni stika ya rangi ya waridi. Polisi wakiona gari limeshushwa kupita kiasi au limebadilishwa kiholela, wanabandika stika hiyo kwenye kioo na gari haliruhusiwi barabarani mpaka likaguliwe upya na kupasishwa. Hakuna jaji, hakuna kesi ndefu.

GARI SIO LAKO, JE?

Hapa ndo penye kiini cha mambo. Vijana wengi wa miaka 18 hawana gari la jina lao. Ni la baba, la mama, la dada, la rafiki, au la kampuni ya mikopo.

New Zealand walijaribu kukata katikati. Kwa upande wa kutaifisha na kuponda, mwenye gari ambaye siye aliyekuwa anaendesha anaweza kupewa onyo la maandishi: gari lako limetumika kwa kosa hili, na aliyelitumia ni fulani. Akishapata barua hiyo, kinga ya "sikujua" inaisha. Dogo yule yule akilichukua tena na kurudia kosa ndani ya muda uliowekwa, gari la mama linaweza kwenda.

Kwa upande wa kuzuiliwa siku 28, mwenye gari anaumia kwanza halafu ndio anakwenda kujieleza. Gari linavutwa usiku ule ule. Rufaa inakuja baadaye, na kazini unatakiwa Jumatatu asubuhi.

Majirani zao Australia walikumbana na kituko kilichoonyesha ubaya wa jambo hili. Mwaka 2010 mjini Perth, daktari mmoja alipeleka Lamborghini yake gereji. Fundi akalitoa "kulijaribu", akakamatwa kwa mwendo wa kasi kupita kiasi, na gari likazuiliwa siku 28. Daktari hakuwepo, hakuruhusu, hakujua. Aliambulia kulisubiri gari lake kama vile yeye ndiye mkosaji. Kesi ile ilizungumzwa nchi nzima, kwa sababu sheria iliyotungwa kumwadhibu dereva ilimwadhibu mtu mwingine.

JE, MAGARI YALIPONDWA?

Sasa shikeni viti. Sheria ilianza Desemba 2009. Gari la kwanza kupondwa lilipondwa Juni 2012, huko Lower Hutt karibu na mji mkuu Wellington, mbele ya Waziri wa Polisi wa wakati huo, Anne Tolley, kamera zikiwa zimejipanga. Yaani miaka miwili na nusu ilipita. Na miaka iliyofuata, magari yaliyopondwa yaliendelea kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wapinzani wakacheka: mpondaji gani huyu asiyeponda? Serikali ikajibu kwamba sheria imefaulu kwa sababu hiyo hiyo: vijana wakishapata kosa la kwanza na la pili wanaogopa la tatu, kwa hiyo mashine inakosa kazi.

Nani mkweli? Ukitazama jinsi sheria ilivyojengwa unaona kwamba idadi ingekuwa ndogo hata kama hakuna aliyeogopa. Mtu lazima akamatwe mara tatu, ashtakiwe mara tatu, atiwe hatiani mara tatu, yote ndani ya miaka 4, na bado jaji akubali. Kwa hiyo idadi ndogo ya magari yaliyopondwa peke yake haithibitishi upande wowote. Mtu akikupa hoja hiyo, wa huku au wa kule, mwambie alete nyingine.

Jambo moja ni wazi: mbio hazikuisha. Mwaka 2025 serikali ya New Zealand ilitangaza muswada mwingine. Huu ulitaka kutaifisha au kuharibu gari kuwe ndiyo adhabu ya kutarajiwa kwa wanaoshindana mbio, wanaokimbia polisi, wanaoshiriki misafara ya kutisha watu, na hata wenye magari wanaogoma kumtaja aliyekuwa anaendesha. Faini ya papo kwa papo ya kelele za gari ilipendekezwa kupanda kutoka dola 50 hadi 300. Kama dawa ya 2009 ingemaliza ugonjwa, isingetakiwa nyingine baada ya miaka 16.

WENGINE WANAFANYAJE?

QUEENSLAND, AUSTRALIA. Hawa walitangulia, sheria yao ni ya 2002. Walianza na kuzuia gari kwa saa 48 tu kwa kosa la kwanza. Majimbo mengine yakafuata, na siku zikaongezeka.

CALIFORNIA, MAREKANI. Polisi wanaweza kulizuia gari la mbio kwa siku 30.

ONTARIO, KANADA. Kuanzia tarehe 30 Septemba 2007, ukizidisha mwendo kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi juu ya kiwango unahesabiwa kama mtu wa mbio, hata kama ulikuwa peke yako barabarani. Leseni na gari vilikuwa vinachukuliwa pale pale kwa siku 7. Mwaka 2021 wakapandisha: leseni siku 30, gari siku 14.

UJERUMANI. Februari 2016 vijana wawili walishindana usiku katikati ya Berlin, barabara ya Kurfürstendamm, mmoja akaligonga gari la mzee wa miaka 69 akafa hapo hapo. Wakati ule mbio zenyewe zilikuwa ni kosa dogo la faini. Oktoba 2017 zikawa jinai, kifungo hadi miaka 2, na hadi miaka 10 kama mtu amekufa. Mahakama ikaruhusiwa kutaifisha gari. Dereva aliyegonga hatimaye alihukumiwa kwa mauaji, na mahakama ya juu ikaithibitisha hukumu yake mwaka 2020.

DENMARK. Hawa ndio wakali kuliko wote. Tangu 31 Machi 2021, ukiendesha kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, au mara mbili ya kiwango huku uko juu ya 100, gari linachukuliwa moja kwa moja na kupigwa mnada, hata kama ni la kukodi au la mtu mwingine. Oktoba mwaka huo huo jamaa mmoja mkazi wa Norway alinunua Lamborghini Ujerumani, akawa analipeleka nyumbani kupitia Denmark. Akakamatwa kwenye kilomita 236 kwa saa. Alilimiliki kwa saa chache tu.

AUSTRIA. Tangu 1 Machi 2024 gari linaweza kuchukuliwa kwa mwendo uliopitiliza, na kwa makosa makubwa zaidi linapigwa mnada. Lakini kama gari sio la dereva, halitaifishwi. Badala yake dereva anapigwa marufuku ya maisha kuliendesha gari hilo. Fedha za mnada, asilimia 70 zinakwenda mfuko wa usalama barabarani.

Linganisheni Denmark na Austria. Swali ni moja, majibu yanapingana. Denmark inasema: unayeazima au kukodisha, jua unampa nani. Austria inasema: asiye na kosa asiguswe.

INASAIDIA AU HAISAIDII?

Ushahidi upo, ingawa sio wa kumaliza ubishi. Utafiti wa California wa mwaka 1999 uliwafuatilia madereva waliofungiwa leseni au wasio nayo, ambao magari yao yalizuiliwa siku 30. Mwaka uliofuata, wa kosa la kwanza walipata ajali pungufu kwa karibu asilimia 25 kuliko wenzao ambao magari hayakuchukuliwa, na warudiaji pungufu kwa karibu asilimia 38. Hao hawakuwa watu wa mbio, lakini inaonyesha kulikamata gari kunafanya kazi ambayo karatasi ya faini haifanyi. Kwa Ontario, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba baada ya sheria yao, vijana wa kiume walioumia au kufa kwenye ajali za mwendo kasi walipungua.

Angalieni kinachofanana hapo: kote gari linachukuliwa HARAKA, usiku ule ule. Adhabu ya kuponda inatisha zaidi lakini iko mbali, baada ya kesi tatu. Kijana wa miaka 19 haogopi cha mwaka kesho kutwa. Anaogopa kurudi kwa miguu leo. Ndio maana maoni yangu ni kwamba siku 28 za mwaka 2003 zina meno kuliko mashine ya 2009, japo mashine ndiyo iliyopata kamera.

Na lipo la kuwapa vijana pa kwenda. New Zealand wana viwanja halali, kama Meremere Dragway kati ya Auckland na Hamilton, ambako kijana anaingia na gari lake la kila siku, linakaguliwa, anavaa kofia, anakanyaga mpaka achoke. Haiwavuti wote, maana wengine wanachotaka ni huo uharamu wenyewe. Lakini wasio na roho mbaya wanapata pa kupumulia.

KWETU INATUHUSU VIPI?

Gari kutaifishwa sio neno geni kwetu. Kibongobongo tumezoea kulisikia kwenye kesi za ujangili na magendo, gari lililobeba nyara linabaki kuwa mali ya serikali. Kwa hiyo siku mtu akisema tulihamishie kwenye mbio za mtaani, wadau muwe na maswali ya kuuliza kabla ya kupiga makofi:

1. Anayeamua ni nani, trafiki barabarani au hakimu?
2. Gari la mtu asiye na kosa litarudi kwa njia gani, na baada ya siku ngapi?
3. Nani analipa yadi kama dereva hatimaye ameshinda kesi?
4. Fedha za mnada zinaingia mfuko gani, na nani anazikagua?
5. Kipimo cha kosa ni nini? Kilomita kwenye mashine, au maneno ya askari tu?

Swali la tano ndilo linaloniogopesha zaidi. Sheria inayompa mtu mmoja, usiku, nguvu ya kukuondolea mali ya mamilioni kwa sababu "ulikuwa unaonekana kama unashindana", bila risiti ya kipimo, hiyo hata New Zealand kwenye mahakama zake zote inaleta malalamiko. Lakini tusijifanye hatuoni upande wa pili. Yule mzee wa Berlin alikuwa anarudi kwake, hakuwa kwenye mbio za mtu. Gari linaweza kununuliwa lingine. Yeye hapana.

Na wewe unayemwazima dogo funguo Jumamosi usiku, soma tena kile kipande cha onyo la maandishi.

Karibuni mchangie, ila kwa hoja, matusi hapana. Tupo pamoja.